Kitanda cha Zamu

Nyie mlionitumia ujumbe wiki nzima mkiuliza kama ule mlango ulifunguka, basi pumueni. Ulifunguka. Saa nne unusu asubuhi, siku ya Jumamosi, mume ambaye kwa kawaida harudi mpaka jioni aliusukuma kwa bega, akaingia na harufu yake ya rangi ya magari.

"Mama Kibonge, nimerudi."

Mkewe, Fundi, hakuinuka. Alikuwa nyuma ya cherehani yake, mguu juu ya pedali, na mguu huo haukuthubutu kusimama.

Kwa wale wanaoingia leo, niwape kwa kifupi kabla jamaa hajavua viatu. Chumba ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Huku mbele kuna cherehani, jiko la mafuta ya taa na mtoto wa mwaka na nusu anayeitwa Kibonge. Kule nyuma ya pazia kuna kitanda, na juu ya kitanda, hivi tunavyozungumza, kuna mtu amelala fofofo.

Ni mlinzi wa usiku, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana na buti kubwa, na mtaa mzima unamwita Kamanda. Amekikodi kitanda hicho kwa mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, miezi mitatu, fedha mbele. Aliyekikodisha ni Fundi. Mumewe hajui lolote.

Msimhukumu haraka. Gereji ilipomkata mumewe nusu ya mshahara na kumwachia kazi ile ile, Fundi alizunguka chumba chote kwa macho akitafuta kitu cha kuingiza hela. Cherehani ilikuwa inafanya kazi. Jiko lilikuwa linafanya kazi. Hata ndoo ya maji ilikuwa ikifunikwa inageuka kiti. Kitanda peke yake ndicho kilichokuwa kinashinda kutwa nzima hakifanyi chochote.

Tatizo lilikuwa moja. Kamanda alishazoea kulala na mlio wa cherehani. Ukikatika tu, anaamka, na akiamka anakohoa, na kikohozi chake kinasikika mpaka bombani. Kwa hiyo Fundi alikanyaga pedali hata asipokuwa na nguo ya kushona.

"Mbona mapema?" aliuliza, sauti akiilazimisha itulie.

"Nimeomba ruhusa ya saa moja." Mume akakaa juu ya ndoo. "Nina neno. Hebu simamisha hiyo mashine."

"Siwezi. Kuna mteja anakuja saa sita."

Mume akanyoosha shingo. "Mteja gani? Mbona hakuna kitambaa hapo?"

Kweli hakikuwapo. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka, inatoboa hewa.

"Nimeitia mafuta," Fundi akasema. "Ukishatia lazima ukanyage mpaka yasambae."

"Toka lini?"

"Toka ilipoanza kula uzi. Sema neno lako, baba Kibonge, masikio hayajaziba."

Chumba kilikuwa na mlango mmoja na dirisha lenye nondo. Aliyelala hakuwa na pa kutokea, na aliyekaa nyuma ya cherehani hakuwa na pa kujificha.

Mume akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akatoa spana.

"Nimekiuza kitanda."

Mguu ukakosea pedali. Cherehani ikakwama, na nyuma ya pazia chaga zikalia kidogo. Fundi akakanyaga upya kwa haraka.

"Umesemaje?"

"Kitanda. Nimekiuza. Mnunuzi anakuja saa tano, nataka nifungue bolti kabla hajafika."

Hapo inabidi mkijue kitanda chenyewe. Jamaa alikiokota kwenye vyuma chakavu kikiwa kimepinda miguu miwili. Alikichomelea mwenyewe, akakipiga msasa siku nne, akakipulizia rangi ya buluu ya kung'aa iliyobaki kwenye gari la tajiri mmoja. Wiki ya harusi alimwambia Fundi, mkono juu ya chuma, "Hiki hakilali mtu mwingine. Hata mama yangu akija, tutamtandikia godoro chini." Watu wengine huapa kwa mambo makubwa. Yeye aliapa kwa kitanda.

Ndiyo maana Fundi hakuthubutu kumwambia. Na ndiyo maana sasa, kusikia kimeuzwa, alitamani kulia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Kwa nini, baba Kibonge?"

"Unaniuliza kwa nini? Kodi, mke wangu! Mwenye nyumba alisema mwisho leo. Ulitaka nikae tu mpaka atutolee vyombo nje?"

Wapendwa, kodi ilishalipwa. Fundi mwenyewe, siku ile ile aliyopewa fedha na Kamanda, alizipeleka zote kwa mwenye nyumba, mama mmoja anayetembea na shada la funguo kiunoni, wapangaji wanamwita Mama Funguo. Alizikabidhi mkononi. Kisha akanyamaza, maana alijua swali la kwanza la mumewe lingekuwa umezitoa wapi. Alikuwa anajitungia uongo wa mteja wa gauni la harusi, ila hakuwa ameumaliza, kwa sababu gauni la harusi lazima siku moja lionekane.

"Na hela umeshapewa?" akauliza polepole.

"Asubuhi hii. Dalali wa mnunuzi kanipa taslimu, nikapitia moja kwa moja kwa Mama Funguo, nikamkabidhi. Hazikukaa mfukoni hata dakika kumi."

"Akazipokea?"

"Kwa nini asizipokee? Kapokea, kashukuru, kaniambia mimi ni mwanaume anayejua wajibu wake."

Mama Funguo amepokea kodi mara mbili, na mara ya pili akatoa na shukrani.

"Ungeniambia kwanza," akasema, na sauti ikaanza kumpasuka. "Kitanda ni changu pia. Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

"Basi ndiyo sababu sikukuambia."

Sababu ya Fundi mwenyewe kuficha ilikuwa hiyo hiyo. Mguu ulikuwa unawaka kuanzia kisigino hadi gotini, na hakuruhusiwa kuupumzisha. Alimpenda sana mtu yule aliyekuwa amekaa juu ya ndoo na spana mkononi, na wakati huo huo alitamani mtu huyo huyo amezwe na ardhi.

Mume akasimama. Akapiga hatua moja kuelekea pazia.

"Kunywa chai kwanza!" Fundi akaropoka.

"Nitakunywa baadaye."

"Kuna nguo za ndani za mteja nimezianika huko."

"Nikiona nguo ya ndani nitakufa?" Akacheka. Lilikuwa cheko lake la kwanza tangu mshahara ukatwe, na kwa Fundi lilikuwa adhabu.

Hatua ya pili hakuipiga. Kibonge, ambaye alikuwa ametambaa kimya kimya mpaka chini ya pazia, alirudi kinyumenyume, makalio mbele, akivuta kitu kizito kwa mikono yote miwili. Kamba ya kitu hicho ilikuwa mdomoni mwake.

"Nda!" akasema kwa furaha. "Nda! Nda!"

Lilikuwa buti. Jeusi, limepigwa kiwi, kubwa kama lilitengenezwa kwa ajili ya mguu wa sanamu.

Mume akainama, akaliokota, akaligeuza soli juu. Alizungumza taratibu, na Fundi angefurahi zaidi kama angepiga kelele.

"Hili ni namba ngapi?"

"Arobaini na nne," Fundi akajibu, kisha akataka kujikata ulimi.

"Mimi navaa arobaini na moja."

"Baba Kibonge, nisikilize."

"Hata mtoto anamjua kwa jina?"

Mguu wa Fundi ukasimama wenyewe. Cherehani ikanyamaza. Chumba chote kikanyamaza. Halafu, kutoka nyuma ya pazia, kikatoka kikohozi kizito, cha kifua kipana.

Mume akainua spana. Macho yalikuwa yamemtoka pima, na mdomo wake ulikuwa unatetemeka kama wa mtoto anayetaka kulia. "Toka!" akapiga ukelele. "Toka hapo kama wewe ni mwanaume!"

Pazia likavutwa. Kamanda alikuwa ameketi kitandani, kilemba kimemwangukia sikioni, shuka aliyokuja nayo mwenyewe imemzunguka mpaka kidevuni.

"Mwanaume hayupo," akasema kwa usingizi. "Nipo mimi. Nani kazima cherehani?"

Jamaa aliteremka taratibu mpaka akakaa chini sakafuni. Spana ikamtoka mkononi. Akafunika uso kwa buti lile lile, mabega yakaanza kumtikisika, na Fundi hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoliondoa. Alikuwa anafanya yote mawili.

Fundi akasema yote hapo hapo, bila kupumua. Kamanda, usingizi wa mchana, binamu anayeishi naye Kamanda, mwenye watoto sita wa kelele, fedha za miezi mitatu, kodi.

"Umepangisha kitanda changu," mume akasema.

"Na wewe umekiuza changu."

"Sasa kama kodi ulishalipa, mimi leo nimelipa nini?"



"Na mimi," Kamanda akauliza, akivaa soksi, "nimelipia miezi mitatu ya kitanda kipi?"

Mume akaruka wima. "Twende kwa Mama Funguo. Azirudishe. Mwizi mkubwa yule!"

"Kaa chini," Fundi akamshika ovaroli. "Akiuliza za kwanza nilizitoa wapi?"

"Sema umeshona."

"Atauliza nimeshona nini. Soma pale."

Nyuma ya mlango kulikuwa na karatasi aliyoibandika mwenye nyumba siku wanahamia, kwa mwandiko wa herufi kubwa. CHUMBA WATU WATATU PAMOJA NA MTOTO. MTU WA NNE AKIONEKANA, CHUMBA KINARUDI SIKU HIYO HIYO. Mume akaisoma mara mbili, akijifuta pua kwa kiganja. Fedha zao zilikuwa kwa mtu, na kuzidai ilikuwa sawa na kujitoa nje wenyewe, wao na masufuria yao na mtoto wao.

"Tumekwisha," akasema.

Kabla hajamaliza, funguo zikalia kwenye korido.

Kamanda akajilaza chali kwa wepesi usiotegemewa kwa mtu wa umbo lake. Fundi akairukia cherehani. Na yule mume, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa anataka kuua mtu, ndiye aliyelivuta pazia kwa mkono wake na kulisukumia buti chini yake. Ndivyo walivyojikuta wote watatu upande mmoja.

Mama Funguo hakugonga. Hajawahi kugonga.

"Hamjambo wanangu," akasema, amesimama katikati ya mlango. "Nimekuja kuchukua kitanda changu."

"Kitanda chako?" mume akashangaa. "Mnunuzi anakuja saa tano."

"Na sasa saa ngapi?"

Ilikuwa saa tano kasoro dakika mbili.

Mume alipigwa na butwaa, lakini Fundi alielewa mara moja, na kuelewa kwenyewe kulimwuma. Dalali alitumwa na Mama Funguo. Fedha zilitoka kwenye pochi ya mwenye nyumba asubuhi, zikapita kwa dalali, zikapita kwa mumewe, zikarudi kwenye pochi ile ile kabla watu hawajanywa chai. Ukiondoa ujira wa dalali, kitanda cha buluu amekipata bure.

"Kodi nilishakulipa, mama," Fundi akasema, mguu ukiendelea kukanyaga. "Wiki iliyopita. Mkononi mwako."

"Umenilipa, mwanangu, wala sikatai. Ile ilikuwa ya watu watatu. Hii ya leo ni ya mtu wa nne." Akainua sauti kidogo. "Kamanda! Umeamkaje?"

Mlinzi akashindwa kuizuia adabu yake. "Salama, mama," sauti nzito ikajibu nyuma ya pazia.

Fundi akaacha kukanyaga. Hakukuwa na maana tena.

"Umejuaje?"

"Wiki ya pili hii cherehani inalia kutoka saa moja asubuhi mpaka saa tisa, na sijaona hata sketi moja ikitoka mlango huu. Nikasema hapa hapashonwi, hapa mtu anabembelezwa alale. Nikavizia asubuhi, nikamwona Kamanda akiingia." Akatabasamu. "Una akili, binti. Nina vyumba kumi na viwili, na sijawahi kufikiria kitu kama hicho. Miaka yote nimekuwa nikipangisha vyumba, kumbe saa ndizo zenye faida."

"Basi utatufukuza," mume akasema.

"Niwafukuze kwa nini? Wapangaji wanaolipa mara mbili wanapatikana wapi?" Akapita ndani, akalifungua pazia, akapapasa chuma cha buluu kwa kiganja. Mume akageuza uso. "Kitanda kitabaki hapa hapa, sina shida ya kukihamisha. Mchana atalala Kamanda kama kawaida, miezi mitatu ikiisha atanilipa mimi. Hakuna kilichobadilika."

"Na usiku?" Fundi akauliza.

"Usiku ni kitanda changu, si chenu. Nimeshakipatia watu."

Fundi alidhani hakusikia vizuri. "Watu? Humu ndani? Na sisi tulale wapi?"

"Si kuna sakafu? Huku mbele, ukisogeza cherehani, panawatosha watatu."

"Tunahama," mume akasema. "Leo hii. Siwezi kulala chini watu wengine wamelala kwenye kitanda nilichokichomelea mimi."

"Mhame kwa fedha gani, mwanangu?"

Swali liliulizwa kwa upole kabisa. Za mume zilikuwa kwenye pochi ya yule mama. Za Fundi zilikuwa kwenye pochi hiyo hiyo. Kamanda alitazama vidole vyake vya miguu.

Fundi akamtazama mwenye nyumba akitafuta pa kumchukia, na hapo likamjia jambo lililomchoma kuliko yote. Wazo halikuwa la Mama Funguo. Lilikuwa lake yeye. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutazama mahali mumewe na mtoto wake wanapolala na kuona hela.

"Ingieni," Mama Funguo akaita koridoni.

Aliingia kwanza kijana mwembamba mwenye furushi begani, akabaki kando ya mlango kama aliyekosea nyumba. Nyuma yake akaingia binti, umri wake haukufika miaka ishirini. Alikuwa anatembea kwa hatua fupi za uangalifu, zile ambazo kila mwanamke aliyejifungua juzijuzi anazijua, na kifuani kwake, ndani ya kanga iliyofuliwa mara nyingi, kulikuwa na kichanga.

"Shikamoo dada," akasema. "Shikamoo shemeji."

"Marahaba," Fundi akajibu, na sauti hakuitambua kama ni yake.

Hakuna aliyemwambia Kamanda kitu. Aliinuka mwenyewe, akakunja shuka yake, akajibanza ukutani. Binti akatazama kitanda, akatazama nyuso za watu. Akamlaza mtoto pale Kamanda alipokuwa amelala, pangali na joto, na yeye akaketi pembeni akiuma midomo kwa maumivu.

"Siku nne tumelala kwenye benchi la hospitali," akasema. "Walishaturuhusu, ila hatukuwa na pa kwenda. Leo wametuondoa."

Kibonge akasimama kwa kushikilia ukingo wa kitanda, akachungulia kichanga, akacheka.

Mama Funguo akajisogeza karibu na Fundi na kumnong'oneza, lakini chumba ni kidogo, kila mtu alisikia. "Sitaki kelele za wapangaji wawili wasiopatana. Ukiwakubali, mnaishi. Ukiwakataa, nipe ufunguo sasa hivi, nao watachukua chumba chote." Akafungua kiganja chake mbele ya Fundi, akakiacha hivyo hivyo hewani.

Nyuma ya bega la mwenye nyumba, mume alikuwa anatikisa kichwa. Kataa, macho yake yalikuwa yanasema. Kataa, tutajua mbele ya safari. Hakuwahi kumwomba jambo kwa namna ile tangu waoane.

Binti pale kitandani hakuyaona yote hayo. Alikuwa anamvua mtoto kofia.

"Mama ametuambia wazo hili lilikuwa lako, dada," akasema, akainua uso uliochoka ukiwa na tabasamu. "Mungu akubariki. Lakini nilimwambia siwezi kufunga macho ndani ya nyumba ya mwanamke mwenzangu mpaka nisikie kutoka mdomoni mwake. Umekubali, dada, sivyo?"